Dawa ya mizizi na kidonge cha sukari: Daktari aambiwe

Mji wa Tunduma haulali. Malori yatokayo bandari ya Dar es Salaam kuelekea Zambia na Kongo hupanga foleni usiku na mchana, ng'ambo ya pili ni Nakonde, na baina ya miji hii miwili hupita kila kinachoweza kubebwa: saruji, vitenge, mahindi, sabuni, na dawa. Dawa zenyewe ni za namna mbili. Zipo zilizopangwa katika maduka yenye vibali ukutani, na zipo zilizotandazwa juu ya turubai: magome, mizizi, unga wa majani ya mlonge, mbegu za uwatu, chupa za habbat sauda, shubiri iliyokaushwa, na madumu ya maji yenye rangi ya chai ya rangi, ambayo muuzaji mwenye kipaza sauti huyanadi kuwa yanaondoa sukari, presha, vidonda vya tumbo na maumivu ya mgongo, yote kwa pamoja.

Tunayetaka kumzungumzia leo ni mgonjwa wa sukari, ambaye aghalabu hununua sehemu zote mbili. Awe anakaa Majengo, Sogea au Mpemba, au awe ameteremka kutoka vijiji vya Ileje, mwenendo wake ni mmoja. Asubuhi humeza kidonge alichopewa hospitali, jioni hunywa kikombe alichoelekezwa na jirani. Daktari hana habari ya kikombe. Mganga hakuuliza habari ya kidonge. Anayevijua vyote viwili ni yule anayechemsha mizizi jikoni na kutunza vidonge kabatini: mke, binti, au mkwe wa nyumba ile. Ndiyo sababu tumeona mahali pa maneno haya ni ukurasa wa familia.

Wala tusidhani kuwa jambo hili ni la watu wachache. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionesha kuwa takriban watu 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 nchini Tanzania walikuwa na kisukari, na wengi wao hawakuwa wakijijua. Huko Kilimanjaro, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta kuwa zaidi ya robo tatu ya wagonjwa wa sukari waliohojiwa walikuwa wakitumia dawa za asili, na zaidi ya theluthi moja walikuwa wakizichanganya na dawa za hospitali. Mlonge na mshubiri vilikuwamo katika orodha ya walivyovitaja. Ukanda wetu wa Nyanda za Juu Kusini una miti yake na wajuzi wake, Wanyiha, Wanyamwanga na Wandali, ambao elimu ya majani wameirithi kwa wazee wao. Na hatuoni sababu ya kudhani kuwa watu wa Songwe wanatofautiana sana na wa Kilimanjaro katika jambo hili.

Hatukusudii kuitukana dawa ya asili. Muislamu atawezaje? Sote tumefundishwa kuwa Allah (s.w.) hakuteremsha maradhi ila aliyateremshia na ponyo lake, na sote tunaijua Hadithi ya habbat sauda. Hata hivyo wapo wanazuoni, Al-Khattabi akiwa miongoni mwao, walioeleza kuwa tamko la Hadithi hiyo ni la jumla lakini makusudio yake ni maradhi maalumu, wala si ruhusa ya kuacha kila tiba nyingine. Na Mtume (s.a.w.) mwenyewe, Saad bin Abi Waqqas alipougua, alimuelekeza kwa tabibu, Al-Harith bin Kalada wa kabila la Thaqif. Aliyetufundisha habbat sauda ndiye aliyemtuma sahaba wake kwa tabibu. Wanaosimama sokoni na kuwaambia watu kuwa anayekwenda hospitali imani yake ni pungufu, Hadithi hii ya pili huwa wameificha wapi?

Kidonge chenyewe asili yake ni majani

Wengi wetu tunadhani kuwa dawa ya hospitali na dawa ya mitishamba ni maadui wa tangu na tangu. Lakini kidonge kinachotolewa kwa wingi zaidi kwa wagonjwa wa sukari duniani, nacho ni metformini, historia yake inaanzia shambani. Ulaya ya zamani ilikuwa na mmea uitwao galega, uliotumiwa na watu wa vijijini kwa mtu anayekojoa mno na mwenye kiu isiyokatika. Wataalamu wakauchunguza, wakakuta ndani yake kuna kitu kinachoshusha sukari, lakini pia wakakuta kuwa kwa kipimo kikubwa ni sumu. Wakatengeneza vitu vya jamii ile ambavyo madhara yake ni madogo, na mwaka 1957 tabibu wa Kifaransa, Jean Sterne, akachapisha matokeo ya kuwatibu wagonjwa wa sukari kwa metformini.

Tumekitaja kisa hiki si kwa ajili ya kupamba maneno. Kinatuonesha kuwa mmea unaoweza kushusha sukari una nguvu ya kweli, na kitu chenye nguvu ya kweli kina kipimo, kina wakati wake, na kina watu wasiofaa kukitumia. Maneno tunayoyasikia kila siku, kwamba "hii ni mitishamba tu, haina madhara," yanajipinga yenyewe. Ikiwa haina nguvu ya kudhuru kwa kuzidi kipimo, basi yamkini haina nguvu ya kuponya pia, na mgonjwa amepoteza fedha zake. Ikiwa ina nguvu, daktari lazima aijue.

Uwatu ni mfano mzuri. Majumbani mwetu ni kiungo na ni dawa ya mama aliyejifungua. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliuandika ugonjwa wa sukari katika kitabu chake cha Qanun, na uwatu unatajwa miongoni mwa vitu alivyowapa wagonjwa hao. Wataalamu wa zama hizi nao wameupima na kukuta kuwa unaweza kupunguza sukari, kwani ute wa mbegu zake huchelewesha chakula kunyonywa tumboni. Ute huohuo unaweza kuchelewesha pia vidonge vilivyomezwa pamoja nao. Kwa hiyo anayekunywa uwatu na kumeza dawa zake za presha na sukari kwa maji hayohayo, anaweza kuwa anaizuia dawa yake isifanye kazi kwa wakati, bila ya mtu yeyote kukusudia. Kutenganisha kwa saa mbili hivi huondoa tatizo hilo.

Zinapovuta upande mmoja

Hatari kubwa zaidi iko kwingine. Miongoni mwa vidonge vya sukari kiko kiitwacho glibenklamidi, ambacho wengine hukifahamu kwa jina la Daonil. Metformini kazi yake kubwa ni kulizuia ini lisimwage sukari nyingi katika damu, na ikitumiwa peke yake ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi. Glibenklamidi sivyo. Hii hulilazimisha kongosho kutoa insulini, mgonjwa awe amekula au hajala, sukari iwe juu au iwe tayari iko chini. Nguvu yake hukaa mwilini kwa muda mrefu, na kwa mzee ambaye figo zake zimechoka hukaa zaidi. Shirika la Afya Duniani limekwisha kutahadharisha kuwa haiwafai watu waliopita umri wa miaka 60. Na bado ni ya bei nafuu, na katika kabati za wazee wetu ingalimo.

Sasa mzee huyu amemeza glibenklamidi asubuhi. Alasiri binti yake, kwa mapenzi, amemletea maji ya karela au unga wa mlonge, navyo vinashusha sukari. Jioni hamu ya kula haipo, amekunywa uji nusu bakuli akalala. Dawa mbili zinavuta kamba upande mmoja na hakuna anayevuta upande wa pili. Si jambo la kubuni. Mwaka 1979 jarida la kitabibu la Lancet huko Uingereza lilichapisha habari ya mwanamke mgonjwa wa sukari aliyekuwa akimeza kidonge cha jamii hiyohiyo. Sukari yake ikawa inashuka kuliko walivyotarajia madaktari wake, na sababu ikaonekana ni mchuzi wa karela uliokuwa ukipikwa nyumbani. Mchuzi tu!

Sukari ikishuka chini ya 3.9 katika kipimo kinachotumika hospitali zetu, mwili hutoa ishara: jasho la baridi, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, kichwa kuuma. Ikizidi kushuka, ubongo hukosa chakula chake. Hapo mtu hubadilika. Mpole huwa mkali, huongea maneno yasiyo na mpangilio, hukataa kuguswa, hupiga kelele, huona asivyoviona wengine, hupatwa na degedege, kisha huzimia. Na mara nyingi hutokea usiku wa manane.

Hapa tunaomba wasomaji wetu watusikilize vizuri. Katika nyumba ya Kiislamu, babu akiamka saa nane za usiku huku anatokwa jasho na kupiga makelele, wazo la kwanza la wengi ni jini au hasadi. Huitwa ustadhi, husomwa, na kila dakika inayopita ubongo wa mzee unaumia. Hatukatazi kusoma. Tunasema mgonjwa wa sukari apimwe kwanza, na kama kipimo hakipo, apewe sukari kwanza. Vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari ndani ya maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida yenye sukari, au kijiko kikubwa cha asali, maadamu anaweza kumeza. Baada ya robo saa apimwe tena. Kama bado iko chini, apewe tena, kisha ale chakula cha kushikilia tumbo. Kama amezimia, asimiminiwe chochote kinywani, maana kitaingia mapafuni. Alazwe ubavu na apelekwe hospitali upesi. Dua inasomeka njiani. Na aliyekuwa ametumia glibenklamidi, hata kama amezinduka na kutabasamu, apelekwe tu, kwa kuwa dawa hiyo ikali mwilini na sukari yaweza kushuka tena baada ya saa kadhaa.

Lipo na jambo la tatu, ambalo si la mti wala si la kidonge, bali ni la kidonge kilichofichwa ndani ya mti. Mwaka 2008 nchini Singapore, katika muda usiozidi miezi mitano, watu 150 wasiokuwa na kisukari walilazwa hospitali kwa sukari kushuka vibaya. Wanne walifariki. Uchunguzi ukaonesha kuwa dawa walizokuwa wakizitumia, nyingi zikiuzwa kwa siri kuwa ni za kuongeza nguvu za kiume, na nyingine zikiitwa za mitishamba, zilikuwa na glibenklamidi ndani yake. Tunawakumbusha akina baba wanaonunua vifuko visivyo na jina la mtengenezaji katika miji ya mipakani. Na wale wanaosifu dawa fulani kuwa "ya asili lakini inashusha sukari siku hiyohiyo," wajiulize kuna nini ndani yake. Nchini kwetu iko Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na liko Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalosajili waganga na dawa zao. Kumuuliza muuzaji namba yake ya usajili si kumvunjia heshima. Mtume (s.a.w.) amebainisha kuwa anayejitia utabibu ilhali hajulikani kwa elimu hiyo ni mdhamini wa madhara atakayoyaleta, na wanazuoni wa fiqhi wamejenga juu ya hilo hukumu za fidia.

Kikombe na sindano

Tumesema juu ya wanaochanganya. Wapo pia wanaoacha. Mwaka 2011 nchi nzima ilielekeza macho Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyekuwa akitoa kikombe cha maji ya mti wa mugariga kwa shilingi 500. Kisukari kilikuwamo katika maradhi yaliyotajwa kuwa yanapona. Watu wa dini zote walipanda magari kwenda huko, Waislamu wakiwamo, na foleni ikawa ya kilomita nyingi. Waigaji wakajitokeza mikoani, na mkoa wa Mbeya, ambao wakati huo Tunduma ilikuwa ndani yake kabla ya Songwe kuwa mkoa mwaka 2016, nao ukapata wake. Serikali ilieleza kuwa maji yale hayakuonekana kuwa na sumu. Wengi walisikia hilo kana kwamba limesemwa kuwa yanaponya. Kilichodhuru hakikuwa mti wa mugariga. Ni vile vidonge vilivyotupwa baada ya kunywa kikombe, kwa kuamini kuwa safari imekwisha.

Mtu mzima mwenye kisukari cha aina ya pili akiacha vidonge, aghalabu haanguki kesho yake. Huhisi yu mzima. Sukari hupanda polepole na kula mishipa ya macho, figo na miguu kwa miaka, ndipo kidonda cha kidole kinapokataa kupona. Ukimya huu ndio unaowapa sifa waganga wa uongo: mgonjwa aliacha dawa miezi mitatu na hakufa, basi amepona.

Mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza hana muda huo. Kongosho lake halitoi insulini tena. Kabla ya Frederick Banting na wenzake huko Toronto kuipata insulini mwaka 1921, na kijana wa kwanza kuchomwa sindano yake Januari 1922, mtoto wa namna hii alikuwa akisubiriwa kufa tu. Hakuna jani, mzizi wala mbegu iliyothibitika kushika nafasi ya sindano ile. Mzazi akiambiwa na yeyote, awe mganga, awe sheikh, awe jirani mwema, kuwa amwachishe mtoto sindano ili dawa ya asili ifanye kazi, na aondoke hapo upesi. Mtoto akianza kukojoa sana, kukonda, kutapika, kupumua kwa nguvu na kutoa harufu kama ya matunda yaliyoiva kupita kiasi, hiyo si malaria wala si kurogwa. Ni ya kwenda hospitali saa ileile.

Asali, na mengine ya nyumbani

Dawa nyingi zinazouzwa kwa Waislamu hukorogwa ndani ya asali. Asali ina baraka zake katika Qur'an, na hakuna anayelipinga hilo. Lakini kijiko kikubwa kimoja cha asali kina sukari ya gramu 17 hivi. Mgonjwa anayelamba vijiko vitatu kwa siku vya habbat sauda iliyochanganywa na asali anakula sukari ambayo lau ingewekwa kwenye chai angeikataa kwa hofu. Habbat sauda yaweza kuliwa kavu, ikasagwa, ikanyunyizwa katika chakula. Mdalasini nao una aina zake. Ule ulio rahisi kupatikana madukani, ukitumiwa kwa wingi kila siku, una kitu kinachoweza kulidhuru ini. Shubiri ikikamuliwa na utomvu wake wa njano huharisha, na mgonjwa anayeharisha huku ameza metformini, maji yakampungua, huhatarisha figo zake.

Mwezi wa Ramadhani mambo haya hukutana yote. Dawa za asubuhi huhamishiwa daku, au huachwa. Vikombe vya mizizi hunywewa futari, tumbo likiwa tupu, pamoja na tende, kaimati na juisi. Wapo wazee wanaoona aibu kula mchana mbele ya wajukuu, ingawa Allah (s.w.) ameshawapa wagonjwa ruhusa katika Suratul Baqarah. Ushauri wa wataalamu ni kuwa mwenye kufunga akipimwa na kukutwa sukari iko chini ya 3.9, au imepanda kupita 16.6, afungue papo hapo, hata kama adhana ya magharibi imebakiza dakika kumi. Kupima kwa kutobolewa kidole hakuharibu saumu kwa kauli ya wanazuoni wengi wa zama hizi. Anayetumia insulini au glibenklamidi na akawa na nia ya kufunga, aonane na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, na akifika huko aitaje na mizizi yake.

Kumtajia daktari: hapo ndipo penye uzito. Kwa nini hatusemi? Wengi wanaogopa kukemewa, na woga huo una sababu. Wako watumishi wa afya ambao mgonjwa akitaja mizizi tu hufokewa mbele ya foleni nzima kana kwamba ameungama uchawi. Mgonjwa aliyefokewa mara moja hatasema tena maisha yake yote, na daktari huyo kuanzia siku hiyo anatibu kwa kubahatisha. Atakuta sukari imeshuka, atadhani ni kidonge chake kimefanya kazi. Mwezi ujao mgonjwa hana fedha ya kununua mlonge, sukari inapanda, na daktari anaongeza kidonge. Mlonge ukirudi, mgonjwa anaanguka. Tunawaomba madaktari na wauguzi wa Tunduma, Vwawa na Itumba wamuulize kila mgonjwa wa sukari, kwa sauti ya kawaida kama wanavyouliza umri, kuwa nyumbani anatumia nini kingine.

Na upande wetu, kazi ni nyepesi. Siku ya kliniki, kifuko cha unga au kipande cha gome kiwekwe katika mkoba uleule wenye kadi na vidonge. Kama jina la mti linajulikana kwa Kinyiha au Kinyamwanga tu, liandikwe hivyohivyo. Anayetaka kuanza dawa mpya ya asili asianze tatu kwa mpigo, kwani akidhurika hatajua ni ipi. Aanze moja, kwa kipimo kisichobadilika, kijiko kilekile, huku akipima sukari kabla ya kula asubuhi na kuandika katika daftari. Namba moja nzuri siku moja si ushahidi wa kitu. Kiko kipimo cha damu kinachoonesha wastani wa sukari kwa miezi mitatu iliyopita, na hicho hakidanganyiki kwa kufunga kula siku mbili kabla ya kliniki, kama baadhi yetu tunavyofanya. Asipunguze kidonge kwa kujiamulia. Kama kweli mlonge umemsaidia, namba zitasema, na daktari ndiye atakayepunguza. Mjamzito, mwenye maradhi ya figo au ini, na anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, hawa wasiguse chochote kabla ya kuuliza; hata kitunguu saumu kwa wingi wa dawa kinaweza kumletea huyo wa mwisho kutokwa damu.

Gharama tunazijua. Vijiti vya kupimia vina bei, na kwa anayetoka Kamsamba au vijiji vya bonde la Momba, kufika hospitali ni nauli ya kwenda na kurudi na siku ya shamba iliyopotea. Muuza mizizi yuko karibu, anakopesha, na anasikiliza. Anamwita mgonjwa mama au baba, anauliza habari za watoto. Si ajabu akapendwa. Misikiti yetu nayo inaweza kupunguza umbali huo: kipimo kimoja cha sukari kinachonunuliwa kwa sadaka, kikatunzwa na muuguzi mmoja wa jamaa za msikiti, kikawa kinatumika kila Ijumaa baada ya swala kwa wanaume na kwa akina mama, si jambo linalohitaji mfadhili wa nje.

Kwa madereva, ambao Tunduma ni kituo chao, tunaongeza moja. Dereva mwenye sukari anayekwenda Lubumbashi huondoka na chupa ya dawa ya mizizi aliyotayarishiwa nyumbani, vidonge vyake, na usingizi wa saa tatu. Foleni mpakani yaweza kumkalisha siku mbili, akala mara moja. Sukari ikimshukia akiwa usukani hatakuwa peke yake barabarani. Apime kabla ya kuwasha gari. Vipande vya sukari au soda moja viwe karibu na mkono wake na si nyuma kwenye sanduku. Na katika pochi yake kiwemo kikaratasi chenye mistari mitatu: kuwa ana kisukari, kuwa anatumia kidonge gani, na kuwa anakunywa mti gani, pamoja na namba ya simu ya nyumbani. Mkewe ndiye akiandike, kabla hajamfungia chupa.